Mwaka Unaoanza na Mvua

Kwenye fomu kuna kisanduku cha tarehe,
kidogo, hakitoshi punje ya mhindi.
"Mama, ulizaliwa lini?"
Nimeuliza hivyo mara arobaini tangu asubuhi
hapa komini ya Katuba,
na mara arobaini nimeandika *mnamo*,
neno linalosamehe kila kitu.

Lakini Kilufya binti Mwepu hataki kusamehewa.
Amevuta kiti, ametua mfuko wa unga wa bukari.
"Andika. Usiandike nyota yenye mkia.
Hiyo ilipita kabla yangu,
mama aliiona akiwa bado msichana wa kuchekacheka.
Wengi watakudanganya kwa nyota ile.
Mimi ni wa mwaka wa garimoshi.

Lilifika mwisho wa kiangazi, majani yameungua,
tone la kwanza halijagusa kichuguu.
Mji haukuwa mji: mahema, mabati,
barabara zilizonyoshwa kwa kamba katikati ya miyombo
zikielekea nyumba zisizokuwepo.
Likatoka kusini, kwa Waingereza, likapiga kelele.
Mbuzi wa Mukalai wakakimbia hadi mto Kafubu,
watatu mpaka leo hawajarudi.
Ndipo mvua ikaanza.
Andika hapo: mwaka umeanza."

Naandika 1910.

"Wakaja watu wa kodi.
Baba yangu alikuwa myeyushaji.
Tanuru lake la udongo wa kichuguu,
mivukuto yake ya ngozi ya swala,
na shaba ilimtii, ikalala mchangani
kwa umbo la msalaba.
Kwa misalaba hiyo alimwoa mama.
Kwa misalaba hiyo alinunua gobore, chumvi,
na amani na wakwe zake.
Akawapelekea miwili.
Karani, kijana kama wewe,
kalamu sikioni kama wewe,
akaipima kiganjani, akacheka: *Franka.*
Baba akauliza, franka hutengenezwa na nini?
Hakujibiwa. Aliandikwa kazini."

Naishusha kalamu kutoka sikioni.

"Mama akanizaa usiku, mahindi yako magotini,
baba hayupo, yuko kwenye mto Lubumbashi
akibeba matofali ya tanuru lao.
Tukavuna. Ikaja baridi, ile ya kupasua visigino,
wakawasha.
Watu walisimama ng'ambo kutazama
shaba ikitiririka bila dawa, bila wimbo,
bila mtu kulala mbali na mke wake.
Baba alirudi usiku wa manane.
Hakusema ilikuwa nyingi.
Alisema: *haikumjua mtu.*
Mwaka ukaisha. Andika."

Naandika 1911.

"Mama, hii ni miaka miwili."
"Ni mmoja. Tulipanda, tukavuna."
"Basi ulizaliwa kabla ya Bonane, au baada?"
"Bonane ya nani? Hatukuwa nayo.
Nani hukata mwaka mahindi yakiwa magotini?"

Foleni inacheka. Mtu nyuma anapiga kofi moja.
Nafuta, naandika, nafuta.
Karatasi ya serikali ni nyembamba,
inatoboka palepale, kati ya tarakimu na tarakimu.

Anafungua pindo la kitenge,
anaweka msalaba juu ya fomu, feni isiipeperushe.
"Shahidi wangu," anasema.
Mzito kuliko nilivyodhani. Mkono mmoja umelika,
kama uliowahi kutafunwa na mtoto
wakati meno yakiota.

Nilichukua fomu nyingine. Nikaandika *mnamo*.
Aliliangalia neno lile muda mrefu,
yeye asiyejua kusoma,
akauliza kama hilo ndilo jina la mwezi.

Ile iliyotoboka nilipaswa kuitupa.
Ina doa la kijani mahali msalaba ulipolala.
Nilipofika nyumbani nilimuuliza mama yangu
mwaka niliozaliwa mimi, mvua zilikuwaje.
Aliacha kusonga. Akasema, "Zilichelewa,"
akanitazama kana kwamba nimerudi kutoka safari.